Bei ya Kizibao cha Makame

Hapo kale, kale ambayo bado haijaisha, palikuwa na nchi yenye haki nyingi mno, hata raia wake wakawa wanakufa kwa haki. Jina la nchi hiyo halitatajwa hapa, kwa sababu kulitaja ni huduma ya serikali na ada yake hupanda kila Jumatatu. Inatosha kusema kwamba ilikuwa na bendera, wimbo, na Pango.

Pango lilikuwa nyuma ya Wizara ya Uwiano. Ndani yake waliishi wanyama wa kila ukubwa, kuanzia panya-buku wenye kimo cha punda hadi majoka ambayo urefu wake ulijulikana kwa kukisia tu, maana waliokwenda kuyapima hawakurudi na futi. Wazee walikumbuka kwamba zamani wanyama hao walikuwa adui wa nchi, na watu waliingia kupigana nao ili wasitoke. Siku hizi walilishwa na Wizara, walichanjwa na Wizara, na walikuwa na siku yao ya mapumziko. Watu waliendelea kupelekwa kwa sababu bajeti ilikwisha kupitishwa.

Kiongozi wa nchi aliitwa Mtukufu Msawazishaji. Alikaa nyuma ya pazia zito na kurusha dadu lenye pande ishirini. Hakuna aliyewahi kuliona dadu hilo likitua. Kilichosikika ni mlio wake mezani, kisha sauti ya Msemaji ikitangaza, "Limetua vizuri," au, "Limetua, lakini si kwenu." Kwa njia hiyo mvua, bei ya unga na matokeo ya uchaguzi vilipatikana bila upendeleo wowote.

Falsafa yake ilikuwa moja, na iliandikwa kwa shaba juu ya mlango wa Pango: KILA MTU NA MNYAMA ANAYEMSTAHILI. Aliyeitwa kwenye Zamu ya kuingia Pangoni alipimwa kwanza. Vifaa vyake vyote vya uchawi vilitiwa bei, bei zikajumlishwa, na jumla hiyo ndiyo iliyomchagulia mnyama. Mwenye kisu kinachong'aa gizani alipewa panya-buku. Mwenye kisu, ngao na hirizi alipewa kitu chenye mbawa. Serikali haikumnyang'anya mtu ngao yake, la hasha, nchi ilikuwa huru. Ukitaka ngao, kuwa nayo. Utapewa tu wa kuipasua.

Makame, kinyozi wa mtaa wa Bomani, aliijua falsafa hiyo tangu shuleni, ambako waliikariri kila asubuhi mbele ya mlingoti wakiwa wamejipanga kwa kimo. Hakuwahi kuitilia shaka hadi siku wito wa Zamu ulipoletwa kibandani kwake, akiwa amekwisha kunyoa nusu ya kichwa cha mteja. Mteja aliusoma wito huo kupitia kioo, akainuka na nusu ya nywele zake, akaondoka bila kulipa na bila kudai nusu iliyobaki. Hakuna anayependa kuguswa na wembe wa mtu wa Zamu.

*

Mkewe, Mashavu, alikuwa mshonaji. Alishona sare na mapazia kama washonaji wengine, lakini pia alijua kushona nguo zenye nguvu, na hiyo ndiyo kazi iliyomweka mbali na wenzake, maana uchawi haushonwi kwa uzi mtupu. Kila mshono wenye nguvu hula kitu kimoja ambacho mshonaji anakijua. Aliposhona kofia isiyolowa mvua, alisahau njia ya kwenda kwa shangazi yake. Aliposhona soksi zisizochoka, alisahau namna ya kupika mkate wa mofa, na Makame akajifunza kuununua.

"Leo umesahau nini, mke wangu?" Makame alikuwa akimuuliza kila arudipo.

"Ningejua ningekwambia," Mashavu alikuwa akijibu, na wote wawili walicheka, kwa sababu mzaha huo ulikuwa mmoja wa vitu ambavyo bado havijashonwa.

Wito ulipoingia nyumbani, Mashavu aliusoma akiwa amesimama, akauweka chini ya cherehani ili usipeperuke, akafungua sanduku na kutoa ngozi iliyotandikwa magamba ya kenge.

"Nakushonea kizibao," alisema. "Kisichopitisha jino."

"Watakipima, Mashavu. Watanipa jino kubwa zaidi."

"Watakipima kwa gharama. Cha dukani ni bei ya dukani. Cha kujishonea ni ngozi, magamba na uzi, basi. Utaonekana fukara, utapewa panya-buku, na huyo panya-buku atang'ata mpaka achoke."

Alisema kweli. Kati ya bei ya kununua na gharama ya kutengeneza palikuwa na mwanya, na maskini wote wa nchi hiyo waliishi ndani ya mwanya huo. Wenye mikono walijichongea, walijifulia vyuma na kujisukia, wakaingia Pangoni wakiwa na thamani ndogo kwenye karatasi na kubwa kifuani. Wengine walirudi. Wasio na mikono walinunua katika Duka la Umma, lililokuwa la shemeji yake Mtukufu, na hao walizikwa na risiti zao.

Mashavu alishona kwa juma zima. Mara kwa mara sindano ilisimama hewani, naye akatazama ukuta kama mtu aliyeingia chumbani akasahau alichofuata.

"Makame. Mama yangu alikuwa akiimba?"

Wimbo wa mama mkwe wake Makame aliujua hata yeye, uliimbwa humo ndani kila walipokwangua nazi. "Alikuwa akiimba," alisema. "Vibaya."

"Afadhali, basi," Mashavu akasema, akaendelea kushona.

Kizibao kilipokamilika, Makame alikivaa na kujipapasa pande zote. "Mbona hakina mfuko? Wewe kila nguo unaitia mfuko."

"Mfuko ni tundu, mume wangu. Jino nalo linajua kubisha hodi."

*

Upimaji ulifanyika katika ukumbi wa Wizara, mbele ya Mthamini Mkuu, Bwana Shekwavi, mtu mwenye sauti ya upole ambayo watu waliiogopa kuliko kelele. Pembeni yake ilining'inia Kengele ya Ukweli. Raia akisema uongo, ililia yenyewe. Kiongozi yeyote alipotaka kuhutubia, karani alikimbia kuijaza matambara ndani ili isimkatize.

Siku hiyo ilijazwa matambara mapema.

"Ndugu wapimwa," alianza Bwana Shekwavi, "Mtukufu amerusha dadu, nalo limetua kwenye busara. Imegundulika kwamba baadhi yetu tunajitengenezea vifaa nyumbani. Mtu anayejishonea kizibao anamwibia mwenye duka ambaye angeweza kumuuzia. Anaiibia pia nchi, kwa maana anaingia Pangoni akiwa tajiri aliyejificha ndani ya maskini, na mnyama asiye na hatia anakutana na upinzani ambao hakuandaliwa kuukabili. Panya-buku wetu sita wamevunjika meno mwaka huu. Nani atawalea watoto wao?"

Ukumbi ukatulia kama bweni lililosikia viatu vya mwalimu wa zamu.

"Kuanzia leo, kitu cha kujitengenezea kitahesabiwa kwa bei ya dukani, kana kwamba kimenunuliwa. Isipokuwa kwa watengenezaji walioidhinishwa."

Nchi nzima ilikuwa na mtengenezaji mmoja aliyeidhinishwa. Mtukufu naye alikuwa raia, naye alipimwa kila mwaka kama wengine, na cheti chake kilithibitisha kwamba pete zake, joho lake, fimbo yake na taji lake linalomfanya asizeeke alivitengeneza mwenyewe, usiku, baada ya kazi, kwa vifaa alivyopewa zawadi. Gharama: sifuri. Kwa hiyo alikuwa mtu fukara kuliko wote, na sheria haikumpendelea. Kila mwaka aliingia Pangoni mbele ya wapiga tarumbeta kupambana na mjusi. Mwaka uliopita mjusi alikimbia akaacha mkia, na mkia huo ulizungushwa mikoani ili wananchi wautolee heshima.

Matambara yalitolewa kwenye kengele, na Makame akaitwa. Alipanda jukwaani, Mashavu nyuma yake.

"Kizibao," alisema Bwana Shekwavi, akikigusa kwa kalamu. "Risiti?"

"Sikununua, bwana. Mke wangu kanishonea."

"Kama huna risiti, hakuna ushahidi kwamba hukununua."

"Na ningekuwa nayo?"

"Ungekuwa umenunua." Bwana Shekwavi alimtabasamia kama mtu aliyemsaidia mwenzake kuvuka barabara. "Bi mkubwa, ni wewe uliyeshona? Tafadhali taja vifaa, tuviandike kwa heshima."

"Ngozi," alisema Mashavu. "Magamba ya kenge. Uzi wa pamba. Sauti ya mama yangu."

Karani akainua kichwa. Kengele ilikuwa kimya.

"Rudia hiyo ya mwisho."

"Sauti ya mama yangu. Na siku ya kwanza kuiona bahari. Na jina la mtoto wetu aliyefariki, hilo liliingia kwenye kwapa la kushoto, naambiwa lilikuwa jina zuri."

Makame alitazama chini. Yeye ndiye aliyemwambia kwamba lilikuwa zuri. Alipotaka kumkumbusha lenyewe, Mashavu aliziba masikio. "Usinirudishie," alisema, "mshono utalegea."

Karani alipekua jedwali la bei kutoka juu hadi chini, akamnong'oneza Mthamini. Bwana Shekwavi akatikisa kichwa kwa huruma ya kikazi. "Sauti za marehemu hazimo kwenye jedwali. Bahari imo, lakini kwa wavuvi. Hivyo vyote viandikwe sifuri. Gharama ya kutengeneza ni ndogo sana, bi mkubwa, hongera kwa kubana matumizi. Bei ya dukani ya kizibao kama hiki, hata hivyo, ni," na hapo akaandika tarakimu ndefu kiasi kwamba alilazimika kugeuza karatasi. "Bwana Makame, umepanda. Utapewa joka."

*

Kesho yake Makame alirudi Wizarani, amevaa shati tupu.

"Naingia bila kizibao," alimwambia Bwana Shekwavi. "Nipeni panya-buku wangu."

"Huwezi. Joka limeshaarifiwa."

"Si mniondolee tu? Kizibao kipo nyumbani, kimetundikwa."

"Ndugu yangu, joka limeambiwa linakuja jambo la thamani fulani. Wewe ukienda na shati, utakuwa umelidanganya. Serikali haiwezi kushiriki udanganyifu dhidi ya mtumishi wake."

Makame akakichukua kizibao hadi Duka la Umma. Muuzaji alikipokea, akakinusa, akakiweka kwenye mizani. "Tunakinunua kwa nusu."

"Nusu ya bei ipi?"

"Ya kutengeneza."

"Jana Wizara wamekihesabu kwa bei ya dukani."

"Hiyo ni bei ya wewe kuwa nacho," alieleza muuzaji kwa subira. "Hii ni bei ya wewe kutokuwa nacho. Na pesa nitakazokupa, uzitangaze, zitahesabiwa."

Basi Makame akafahamu kwamba kila kitu katika nchi hiyo kina bei tatu, na raia daima anasimama kwenye ile mbaya. Alirudi nyumbani akamkuta Mashavu na jirani yao, Bi Kidawa, mjane aliyewahi kukata rufaa mbili na kushindwa zote, jambo lililomfanya kuwa mwanasheria wa mtaa.

"Shemeji, kata rufaa," alisema Bi Kidawa. "Baraza la Rufaa halina ubaya. Haliruhusiwi kukumbuka chochote."

"Chochote kwa vipi?"

"Kesi yako inasikilizwa kama vile haikuwahi kuwepo. Wanamwita aliyetengeneza, wanamuuliza kitu ni nini na kina kazi gani. Wewe mvaaji huulizwi, wewe ni kama henga ya kutundikia nguo. Fundi akikieleza, kinatambulika, bei inarudi palepale. Lakini kitu kisichotambulika na yeyote, kanuni inasema kihesabiwe kama nguo ya kawaida."

"Basi Mashavu aseme hakijui."

"Na kengele je?"

Mashavu akanyoosha mkono na kukivuta kizibao kutoka mapajani mwa mumewe.

"Sitadanganya," alisema. "Pindo la chini bado lina nafasi. Nitashona mshono mmoja zaidi, kisha nitakuwa sikijui."

"Hapana," alisema Makame.

"Makame, ni kizibao tu nitakachosahau. Nimekwisha kusahau mambo makubwa kuliko kizibao."

"Na ukikosea mshono?"

"Miaka yote hii, umewahi kuniona nimekosea mshono?"

Hakuwahi kumwona. Alitafuta sababu nyingine, akaikosa, au labda aliikumbuka ile harufu ya Pango siku za joto, pale upepo unapoileta hadi sokoni na wauza samaki wanalaumiwa bure. Makame alikuwa kinyozi. Alitaka kuishi. Alisema, "Sawa," kwa sauti ya mtu anayekubali kuongezewa chai.

"Lakini mimi hutanisahau?" aliongeza.

"Nikusahau, nani atanikera?" alisema Mashavu, akatafuta sindano.

*

Usiku wa kuamkia rufaa, fundi na mvaaji hutenganishwa ili wasipange ushahidi, na ili serikali isiingie gharama, hutenganishwa kwa majirani. Mashavu alihamia kwa Bi Kidawa na cherehani yake. Makame alibaki peke yake, akajipikia uji, ukaungua.

Asubuhi alimkuta Bi Kidawa mlangoni mwa Baraza, amekumbatia kizibao kilichokunjwa.

"Vaa, shemeji," alisema, bila kumtazama usoni. "Usiniulize kitu."

"Yuko wapi Mashavu?"

"Ndani. Nimemwambia ameitwa ushahidi, amekuja. Vaa."

Baraza lilikuwa la majaji watatu. Mwenyekiti, Jaji Mwinyipembe, alifungua kikao kwa kunywa bilauri ya maji ya kusahaulisha, akauliza yuko wapi na kwa nini, akajibiwa, akaridhika. Mashavu alikuwa amesimama kizimbani amevaa kanga yake ya zambarau. Makame alimtazama apate kukonyezwa, na hakukonyezwa. Akaona ni busara yake, asije akaiamsha kengele.

"Shahidi," alisema Jaji, "tazama alichovaa huyo bwana. Ni kitu gani?"

Mashavu alikikagua kwa jicho la fundi anayetazama kazi ya fundi mwingine. "Kizibao, mheshimiwa."

"Kina kazi gani?"

"Kuvaliwa."

"Ulikishona wewe?"

"Mimi? Sikijui. Hata mfuko hakina. Mimi kila nguo naitia mfuko, muulize yeyote mtaani."

Watu wakacheka. Kengele ilining'inia kimya, iling'aa. Makame alimwona panya-buku, panya-buku wake mpendwa mwenye kimo cha punda, akimkaribia kutoka mbali kama ndugu.

"Baraza limeridhika," alisema Jaji Mwinyipembe. "Swali la mwisho, kwa ajili ya kumbukumbu ambazo hatutaziweka. Huyu bwana ni nani wako?"

Mashavu alimgeukia Makame. Macho yake yalianzia kwenye kola, yakashuka kwenye vifungo, yakapanda usoni mwisho kabisa, kama yanavyopanda usoni mwa mteja.

"Simfahamu," alisema.

Makame aliisubiri kengele. Hakuwahi maishani kuitamani sauti ya chuma namna ile. Ilie tu, mara moja, hata kidogo, na joka lije na mbawa zake zote. Karani mwenyewe alishangaa, akainama na kuchungulia ndani ya kengele, asije akawa amesahau matambara. Hayakuwemo. Kengele ilikuwa tupu na nzima, nayo haikulia.

Nyuma ya ukumbi Bi Kidawa alikuwa amejifunika uso kwa ushungi. Yeye alikuwepo. Aliuona ule mshono mmoja ukishonwa, na alipomletea fundi maji ya kunywa akakuta anauliza kwa upole ile nguo ni ya nani. Uzi wa kizibao ulipita ndani ya yule aliyeshonewa. Kukisahau bila kumsahau yeye haikuwezekana, na sindano haikuomba ruhusa.

"Rufaa imekubaliwa," alisema Jaji. "Nguo ya kawaida, mnyama wa kawaida. Onyo: kitu hiki kimepewa msamaha kwa sababu hakitambuliki. Mtu yeyote akimtambulisha fundi kitu hiki, mwenye kitu hiki, au sababu ya kitu hiki, thamani yake itarudi na mnyama wake atarudi. Hii inafanywa kwa faida yenu. Kikao kimefungwa. Tulikuwa tunazungumzia nini?"

*

Habari za Pangoni ni fupi. Panya-buku alimrukia Makame kifuani, akauma, meno yakakatika. Alikaa chini akayatazama meno yake, na Makame, ambaye alikuwa ameingia na wembe tu, alimhurumia hata akasita. Kisha hakusita.

Upande wa pili wa ukuta palikuwa na sauti nyingine. Joka lilikuwa limeahidiwa mtu, na Wizara haivunji ahadi. Walipekua majina ya Zamu wakampata Mzee Ngwali, mpishi wa harusi, aliyejichongea mwiko usioungua na ambaye hakujua kwamba kuna rufaa. Mwiko ulihesabiwa kwa bei ya dukani. Makame alimsikia akilieleza joka kwamba ule ni mwiko. Alieleza kwa adabu, zaidi ya mara moja.

Kesho yake gazeti lilisema Uwiano umedumishwa. Mwiko ulipatikana mzima, ukauzwa Duka la Umma.

*

Makame alihamia kibandani kwake, akalala kwenye kiti cha kunyolea. Wateja walirudi, hata yule wa nusu kichwa, aliyekuja kumalizia na kuomba apunguziwe bei kwa kuwa ni nusu tu. Kila jioni Makame alipita mbele ya nyumba yake mwenyewe kama mtu anayeelekea mahali. Ndani, Mashavu alishona akiwa ameupa mgongo ukuta wenye kioo cha kunyolea ambacho hakujua kilikuwa cha nani. Majirani waliijua hukumu, na kwa mapenzi makubwa walinyamaza.

Vuli ilipoanza, Makame alipata kisingizio. Kifungo kimoja cha kizibao kilikuwa kimelegea. Alikilegeza zaidi kwa vidole, akabisha hodi.

"Karibu," alisema Mashavu. "Pole na mvua. Keti hapo."

Aliketi kwenye kiti chake. Mashavu alimmiminia chai, akatia tangawizi nyingi kama Makame anavyopenda, naye aliangalia kikombe kwa muda mrefu kabla ya kukumbuka kwamba Mashavu huwatilia wateja wote hivyo hivyo.

Fundi alikichukua kizibao, akakigeuza ndani nje, akapitisha kidole gumba kwenye pindo. Akapitisha tena.

"Aliyeshona hiki hana akili ya biashara," alisema.

"Kwa nini?"

"Tazama. Hapa mshono mmoja unatosha, yeye kapitisha mitatu. Hapa kwapani, mtu gani anatazama kwapani? Na kashona kwapa kama anashona uso wa bi harusi." Alitikisa kichwa, nusu kwa dharau, nusu kwa kitu ambacho hakikuwa dharau. "Hivi havishonwi vya kuuza. Ulinunua bei gani?"

Makame alikishika kikombe kwa mikono miwili.

"Bado nalipa," alisema.

"Basi walikulangua, kaka yangu."

Alikaza kifungo kwa mizunguko michache, akakata uzi kwa meno. Kisha akakitandaza kizibao mezani na kukitazama kwa kichwa kilichoinama upande, namna aliyokuwa akimtazama mumewe alipovaa shati lisilopigwa pasi.

"Na hakina mfuko," alisema. "Nguo bila mfuko, si utani huo? Nitakuwekea mmoja, hapa kifuani, upande wa moyo. Bure. Umekaa kwa adabu."

Zamu iliyofuata ilikuwa imekwisha kutangazwa, na jina la Makame lilikuwa limebandikwa ubaoni, kwa kuwa waliorudi ndio wenye uzoefu. Akisema usiweke tundu hilo, angeulizwa kwa nini. Mashavu hakuwahi kuliacha swali la nguo bila jibu, na jibu la hilo lilikuwa na mbawa.

Alikisogeza kikombe chake, kizibao kipate nafasi.

Mashavu alitia alama kwa chaki, akapuliza vumbi lake, akafungua mkasi.